Bogenvilia au iksora, nyanya ya Tanya au nyanya chungu? Anza na maji ya kwako

Swali ninaloulizwa sana na ndugu na majirani wanaohamia kwao ni hili, nipande nini hapa, na mara nyingi mtu anauliza akiwa keshapita kitaluni kanunua kilichokuwa kinang'aa siku hiyo, iksora nyekundu tatu, waridi, miche ya hoho na pakiti ya karoti, na baada ya miezi miwili hana ua la kuangalia wala mboga ya kuchuma. Mimi kwa Dar msimamo wangu ni kwamba swali la kwanza sio ua gani zuri wala mboga gani tamu, swali la kwanza ni maji gani yanatoka kwenye mpira wako. Joto wote tunalo, jua wote tunalo, ila maji hatufanani hata kidogo. Anayemwagilia na maji ya bomba yanayotoka mto Ruvu na anayemwagilia na kisima cha Kigamboni, Mbagala, Tabata au Mbezi Beach hawawezi kupanda bustani moja hata kama ramani za nyumba zao ni moja. Kwahiyo hapa chini nimelinganisha kila kitu kwa kipimo hicho, maji kwanza, afu jua, afu udongo, uzuri unafuata baadaye.

Kujua maji yako sio lazima maabara. Onja kidogo, kama ulimi unasikia chumvi basi mmea umeshaisikia zamani. Angalia ndoo na vyungu vya maua, maji yakikauka yakaacha unga mweupe pembeni hiyo ni chumvi au chokaa au vyote viwili. Angalia na majani ya mmea ambao tayari unaumwagilia na maji hayo, yakiwa yanaungua kwenye ncha na kingo wakati udongo una unyevu, hapo tatizo sio kiu, ukiongeza maji yale yale unaongeza chumvi. Visima vingi vinazidi kuwa na chumvi kiangazi kikikolea na vinapoa kidogo Masika ikinyesha, kwahiyo usionje mwezi wa Mei ukasema maji yako matamu, onja Februari. Na wewe wa bomba usijisahau, mwishoni mwa 2022 Ruvu ilishuka mpaka mji ukaingia kwenye mgao, kipindi kama kile unajikuta unanunua maji ya boza na hujui yamevutwa kisima gani.

Udongo nao una maneno yake. Sehemu kubwa ya mji ni mchanga, maji yanapita chap na mbolea inaondoka nayo. Kuanzia Kunduchi mpaka Wazo na Boko kuna jambo lingine, chini kuna mawe ya chokaa ya matumbawe ya zamani, ndo hayo hayo Twiga Cement wanayochimba pale Wazo, na chokaa hiyo inaingia kwenye udongo na kwenye maji ya visima. Ukipanda juu Kimara, Goba, Pugu unakutana na udongo mzito zaidi, mwekundu mwekundu, unaoshika maji. Haya mambo ndo yanaamua iksora yako itakuwa kijani au njano, sio mikono ya fundi bustani.

Tuanze na maua ya vichaka.

Bogenvilia na hibiskasi ndo zinazogombaniwa sana kwenye fensi, na watu wanazichukua kama ni kitu kimoja cha rangi tofauti. Hazifanani tabia. Bogenvilia ni mmea wa jua kali, angalau masaa sita ya jua la moja kwa moja, inavumilia mchanga, inavumilia upepo wa bahari, na chumvi kwenye maji inaibeba vizuri kuliko maua karibu yote unayoyaona kitaluni. Na jambo ambalo watu wanabisha mpaka waone wenyewe, ukiimwagilia sana haitoi maua, inatoa majani na miiba tu. Maua yake yanakuja ikishaanza kusikia ukame kidogo, ndo maana kiangazi ukipita Msasani au Mbweni unaona kuta zimewaka wakati nyasi zimekauka. Kwahiyo kama una bogenvilia ya kijani tupu miaka yote, punguza maji, punguza mbolea, na angalia kama ukuta au muembe wa jirani umekuzibia jua. Mabaya yake ni miiba, matawi ukishayakatia usiyaache kwenye kinjia, inatoboa ndala na kuingia mguuni, na mizizi yake haipendi kusumbuliwa, ukitoa mche kwenye kiroba chana kiroba taratibu, usiung'oe kwa kuvuta shina.

Hibiskasi ni kinyume chake karibu kila kitu. Ua moja linakaa siku moja tu linanyauka, lakini kesho lipo lingine na keshokutwa lingine, kwahiyo ukiitunza inachanua mwaka mzima bila kusubiri kiangazi. Inataka maji ya mara kwa mara na maji mazuri, chumvi kidogo itavumilia ila ikizidi majani yanaungua kingo na vitumba vinadondoka kabla havijafunguka. Haina miiba, majani laini, inakatika umbo unalotaka. Tatizo lake kubwa ni vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba wanaojikusanya kwenye ncha changa, ncha inajikunja inadumaa, na wakija wanaleta na sisimizi. Ukiwaona wachache kata ile ncha itupe mbali, usiingojee, wakishasambaa sabuni na maji havitoshi.

Kwa hiyo mimi nachagua hivi, ukuta wa nje unaopigwa na jua la mchana, mbali na bomba, weka bogenvilia. Mbele ya kibaraza au dirisha la sebuleni ambapo unapita kila siku na kopo la maji, na maji yenyewe ni ya bomba, weka hibiskasi. Kama una kisima cha chumvi na bado unataka hibiskasi kwa nguvu zote basi iweke moja tu kwenye chungu kikubwa umwagilie na maji ya mvua au ya kununua, usipange mstari wa fensi nzima.

Iksora na duranta sasa. Hawa wanagombaniwa kwa ajili ya mstari mfupi wa kando ya njia ya kuingilia. Iksora ni nzuri, kusema kweli hakuna kichaka kinachotulia kama iksora, inakua taratibu, inajishika yenyewe, inatoa vishada karibu mwaka mzima na kuikatia sio kila wiki. Ila inataka udongo wenye uchachu. Ukiipeleka Boko au Wazo kwenye ile chokaa inashindwa kuvuta madini ya chuma, majani yanakuwa ya njano huku mishipa imebaki ya kijani, mtu anadhani ni njaa anamwaga samadi, anamwaga yurea, inabaki njano. Sio njaa ya samadi ile. Na makosa mengine ni kuipanda imeegemea msingi wa nyumba, maana saruji nayo inatoa chokaa. Kimara, Goba, Chanika na maji ya bomba iksora inapendeza sana. Ukanda wa pwani wenye mawe ya matumbawe naona bora uiache, au uiweke kwenye chungu chenye udongo wa kutoka sehemu nyingine na mbolea ya majani yaliyooza.

Duranta ile ya majani ya dhahabu haina makuu kwenye udongo, inakua haraka mno, mwaka mmoja unapata ukuta wa kijani njano wa kufika kiunoni. Lakini haraka hiyo unailipa na mkasi, wakati wa mvua kila wiki tatu nne lazima uikatie la sivyo inakuwa pori. Na kuna kitu ambacho wauzaji hawakisemi, vile vitunda vyake vya rangi ya chungwa vina sumu, mtoto akila anaumwa kweli. Ukiikatia mara kwa mara haipati nafasi ya kuzaa kwahiyo hatari inapungua, ila mwenye watoto wa miaka miwili mitatu nyumbani mimi namshauri achukue kitu kingine.

Hapo hapo niseme kuhusu sumu kwa sauti kubwa zaidi kwasababu hii bustani tunachanganya na mboga. Oleanda ni kichaka kizuri, kinavumilia chumvi na ukame kuliko hata bogenvilia, maua ya pinki na meupe, na ndo maana unauziwa ukitaja tu Kigamboni. Mmea wote ni sumu, majani, maua, shina, hata moshi wake ukichoma matawi. Sehemu ambayo mtoto anatumwa akachume mchicha na majani ya kunde, oleanda haina kazi hapo. Manyara nayo fensi yake ni ya uhakika na haihitaji maji, ila utomvu ukiruka jichoni ni hospitali, wanaoikatia wavae miwani na ndo bora ikae mpakani kabisa mwa kiwanja, sio karibu na matuta.

Waridi au asumini? Hapa sina maneno mengi. Waridi tunalolinunua kwenye shada linatoka sehemu za baridi kama Arusha, hapa kwetu unyevu wa hewa unaliletea madoa meusi kwenye majani, linapukutika, unabaki na fimbo zenye miiba. Inawezekana kulilea lakini ni kazi ya kila wiki. Asumini ni wa kwetu pwani, anapenda joto, anavumilia kivuli cha nusu siku, jioni akifungua harufu inaingia mpaka chumbani, na anatosha kwenye chungu. Anachodai ni maji yasiyo na chumvi. Mwenye kibaraza kidogo Sinza au Magomeni asiye na hata futi moja ya ardhi, chungu kimoja cha asumini na kimoja cha dezati rozi wanatosha, huyu wa pili anafaa kwa mtu anayesafiri sana maana shina lake linatunza maji, kinachomuua ni kumwagiliwa kila siku. Krotoni kwa upande ule wa nyumba usiopata jua la kutosha, rangi ya majani inafanya kazi ya maua.

Mboga sasa, na hapa ndo nataka tukae.

Kwa majani, watu wengi wanaanza na sukuma wiki au chainizi kwasababu ndo wanayoiona sokoni. Zote mbili asili yake ni ya sehemu za ubaridi. Chainizi kuanzia Juni mpaka Agosti inakwenda vizuri hapa Dar, wiki nne tano unakula, lakini ukiipanda Desemba inatoa maua kabla haijafunga majani na vidukari vinaimaliza. Sukuma wiki inavumilia zaidi, mti mmoja unachuma miezi mingi, ila kwenye joto la Januari majani yanakuwa madogo na magumu na viwavi wanayageuza wavu. Mimi naiweka kwenye daraja la mboga za msimu wa kipupwe, miche michache, basi.

Mchicha ndo mboga ya joto. Wiki tatu mpaka nne unakula, hakuna mboga inayokulipa haraka hivyo, na chumvi ya wastani kwenye maji unaivumilia. Aina zipo nyingi kuliko watu wanavyodhani, ule wa kienyeji wa majani madogo unaouzwa mbegu kwa kijiko, na kuna Madiira 1 na Madiira 2 zilizotokana na kazi ya kile kituo cha mboga cha kimataifa kilichopo Arusha, hizi majani yake mapana na ukichuma ncha badala ya kung'oa zinachipua tena na tena. Kama eneo lako ni dogo chukua Madiira uwe unakata, kama una tuta kubwa na unapenda ule mchicha laini wa kung'oa na mizizi chukua wa kienyeji uwe unamwaga mbegu kidogo kila baada ya wiki mbili ili usikae na mchicha mwingi siku moja na wiki inayofuata huna. Mchicha ukikosa maji siku kadhaa unakimbilia kutoa mbegu, kwahiyo usiupande kama unasafiri.

Matembele yananishangaza jinsi watu wanavyoyadharau. Hununui mbegu, unaomba kikonyo kwa jirani, unachomeka kwenye mchanga, mwezi mmoja unaanza kuchuma na hauachi, mwaka mzima. Yanavumilia kivuli cha ukuta, yanafunika udongo kwahiyo magugu hayapati nafasi, na mboga yake na nazi kila mtu wa Dar anaijua. Ukilinganisha na mchicha, mchicha unashinda kwa haraka na kwenye maji ya chumvi, matembele yanashinda kwa uvivu unaoruhusiwa, yaani unapanda mara moja. Chumvi ikizidi matembele yanakwama. Mwenye kisima kikali cha chumvi nampa spinachi, ile yenye bua pana jeupe, hii ni ndugu wa viazi vile vyekundu vya bitiruti na ukoo huo unajulikana kwa kuvumilia chumvi, halafu nampa na kunde kwa ajili ya majani, zinakaa kwenye mchanga, zinaongeza naitrojeni kwenye udongo na wiki tatu nne tayari unachuma.

Kisamvu cha mpira nakitaja peke yake kwasababu kinafanya kazi mbili. Ni mti mdogo, unakupa kivuli, ukiukata kichwa unatoa matawi mengi ya kuchuma, na ukiupanga mstari unakuwa fensi ya kula. Kukihudumia hakuna kazi, kazi iko jikoni, lazima kitwangwe na kichemshwe muda mrefu maana kina sumu ya asili inayotoka kwa kutwanga na kuchemsha, sio mboga ya kukaanga chap. Mlonge nao ni hivyo hivyo kwa upande wa fensi, unavumilia ukame, ukiuachia unakimbilia juu kwahiyo kata kwenye usawa wa kifua.

Nyanya ndo inayovunja watu moyo kuliko zote, na mara nyingi wanalaumu mbegu wakati kosa ni mwezi. Nyanya ili ishike tunda inahitaji usiku uwe na ubaridi kidogo, usiku wa Dar kati ya Desemba na Machi ni wa joto sana, maua yanatoka vizuri afu yanadondoka yote. Hakuna dawa ya hilo. Ukitaka nyanya panda ili ichanue Juni, Julai, Agosti.

Kuhusu aina, kuna nyanya fupi na nyanya ndefu. Tanya ni fupi, inafika urefu wake inasimama, inazaa kwa mkupuo mmoja mkubwa, ganda gumu, inakaa jikoni siku nyingi bila kuoza. Tengeru 97 ni ndefu, inaendelea kupanda na kuzaa taratibu kwa muda mrefu, inataka kusimikiwa mti, kufungwa kamba na kutolewa machipukizi ya pembeni. Zote mbili zimetokana na utafiti wa Tengeru, Arusha, na zilitolewa 1997, ni mbegu za kawaida kwahiyo unaweza kutunza mbegu zako mwenyewe. Roma VF na Cal J nazo ni fupi. Halafu kuna chotara, zile zenye F1 kwenye pakiti kama Assila na Anna, bei yake ni mara nyingi zaidi, zinazaa sana, nyingine zimetengenezwa kuvumilia virusi, lakini zinadai mbolea na maji ya uhakika na mbegu utakayotunza haitarudi kama mama yake.

Kwa bustani ya nyumbani ninavyoona mimi, kama una viroba au ndoo chukua Tanya, haikuchoshi na miti. Kama una tuta na muda wa kufunga kamba na unataka nyanya mbili tatu kila siku badala ya beseni zima siku moja chukua ndefu. Chotara nunua kama maji ni matamu na ya uhakika, la sivyo unalipia uwezo ambao hautautumia. Na zile nyanya ndogo za cheri usizidharau, zinashika tunda kwenye joto kuliko nyanya kubwa, watoto wanazichuma wanakula hapo hapo.

Kitu cha kusoma kwenye pakiti kabla ya picha ni zile herufi baada ya jina. V na F ni mnyauko wa fangasi wa aina mbili, na N ni minyoo fundo. Hii N kwa mchanga wa Dar ni ya muhimu sana, minyoo fundo wanapenda mchanga wenye joto, unang'oa mche uliodumaa unakuta mizizi ina mavimbe kama shanga. Kantangaze yule anayechimba majani na matunda, aliyeingia nchini 2014, hakuna herufi ya kumzuia, huyo ni kukagua majani kila baada ya siku mbili na kuyatoa yenye njia njia nyeupe, na kwa miche kumi ya nyumbani unaweza kabisa.

Ukiniuliza nyanya au nyanya chungu kwa mtu ambaye hajawahi kulima nitasema nyanya chungu bila kusita. Joto ndo kwao, ikishika inazaa miezi mingi, na ile nyeupe ya Tengeru White ambayo wengine wanaiita DB3 sio chungu sana, hata watoto wanakula. Bilinganya aina ya Black Beauty nayo inastahimili joto lakini inakunywa maji zaidi, na utitiri na inzi weupe wanaipenda kuliko ndugu yake, kwahiyo zikiwekwa pamoja mimi nachukua nyanya chungu mbili kwa bilinganya moja.

Bamia, Clemson Spineless ndo inayopatikana kirahisi na haina ile miiba ya kuwasha, siku hamsini hivi unaanza kuchuma na lazima uchume kila baada ya siku moja la sivyo zinakuwa kamba. Inapenda joto, haipendi chumvi, na minyoo fundo wanaiadhibu. Halafu kuna hili ambalo linaunganisha maua na mboga, bamia na hibiskasi ni ukoo mmoja, pamoja na rozela ile ya juisi. Vidung'ata waliopo kwenye hibiskasi yako watahamia kwenye bamia bila nauli. Ukiwa na hibiskasi mbele, bamia iweke nyuma ya nyumba kabisa, au chagua moja. Na kama moyo wako uko kwenye vyote, maua na kitu cha kutia jikoni, basi panda rozela badala ya hibiskasi, ua lake zuri, na lile kaliksi jekundu, yaani kikombe kinachoshika ua, linakaushwa kwa juisi.

Hoho zinaumia haraka na chumvi, California Wonder unaweza kuipata kwenye kiroba chenye kivuli cha mchana na maji matamu, lakini kwa nyumba nyingi pilipili mbuzi na pilipili kichaa zinalipa zaidi, mti mmoja unatosha ukoo. Karoti, vitunguu na maharage kwa mwenye kisima cha chumvi ni hapana, hizo ndo za kwanza kuonyesha kuungua. Kabichi acha wa Lushoto waendelee.

Kwahiyo ukiziweka nyumba mbili ubavuni, ya Kigamboni yenye kisima cha chumvi na ya Kimara yenye bomba, ya kwanza mimi ningeipa bogenvilia ukutani, mlonge mpakani, mchicha, spinachi, kunde, na viroba vitatu tu vya nyanya vinavyopewa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki. Ya Kimara iksora njiani, hibiskasi au asumini kibarazani, matembele chini ya ukuta, nyanya, nyanya chungu na bamia kwenye jua. Nyumba ya Kigamboni imwagilie kwenye shina, sio juu ya majani, maana tone la chumvi likikauka juu ya jani linachoma, na badala ya kumwaga kidogo kidogo kila jioni imwage mengi mara chache ili chumvi isukumwe chini ya mizizi. Samadi ya kuku nayo ina chumvi nyingi, huko watumie ya ng'ombe iliyooza vizuri. Kimara wanaweza kutumia ya kuku ila iwe imekaa miezi, ile mbichi ya banda la broila inachoma mizizi.

Kununua: mche wa ua kitaluni usidanganyike na maua yaliyochanua, geuza kiroba uangalie chini, mizizi ikiwa imetoka nje na kuzunguka sana mche umekaa mno, chagua wenye majani ya afya hata kama hauna ua. Muulize muuzaji wanamwagilia na maji gani, wengine wana kisima chenye chumvi na mche umeshazoea, wengine wanatumia ya bomba na ukiufikisha kwako kwenye chumvi unashtuka, hivyo wiki mbili za kwanza uchanganye maji. Mbegu nunua duka la pembejeo zikiwa kwenye pakiti iliyofungwa, yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, na tarehe ya mwisho inayosomeka, zile za kupimiwa kwenye kikopo kilichokaa juani ni za mchicha na kunde tu, usinunulie nyanya.

Na kama unasoma hii Aprili, mbegu za nyanya zimwage kwenye trei wiki ya mwisho ya mwezi, juu ya meza, chini ya paa linalopitisha mwanga ili mvua isizipige, zitakuwa tayari kuhamia shambani mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni mvua zikishapungua. Bamia usiiweke kwenye trei, haipendi kuhamishwa, loweka mbegu usiku mmoja, asubuhi ziweke tatu tatu kwenye shimo lake la kudumu, ukishaona ipi ina nguvu ng'oa mbili.